Ulimi wa Foulata: Juu ya Wanawake wa Riwaya za Kikoloni na Wakalimani Wao

I

Imesemwa mara nyingi kwamba mwanamke wa makoloni, katika riwaya mashuhuri za Ulaya, ni mwanamke aliyenyamazishwa. Neno hilo limezoeleka hata tumeacha kuliuliza maana yake. Tukisikia kwamba mtu amenyamazishwa, twafikiri kuwa hakupewa maneno ya kusema. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba mara nyingi sivyo. Mwanamke huyo hupewa maneno, tena pengine maneno mengi na matamu. Lakini hayamfikii msomaji ila kwa ulimi wa mtu mwingine, na mtu huyo ana faida yake katika kuyatafsiri. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mtunzi anayeisimulia upya riwaya ya kale kwa upande wa mwanamke huyo hatimizi kazi kwa kumwongezea maneno tu. Kazi yake ya kwanza ni kumhoji mkalimani.

Wazo hili sikulipata chuoni. Nililipata Ubaruku, katika bonde la Usangu, wakati wa mavuno ya mpunga, nilipokwenda kumtazama shangazi yangu. Jioni moja wajukuu wake walileta nakala kuukuu ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, wakaniomba niwasomee. Nikawasomea mahali Foulata anapokufa. Shangazi, ambaye hakupata kusoma shule, alikuwa kando yetu akipepeta mchele. Nilipomaliza aliniuliza, “Mwanangu, huyo binti alisema kwa lugha gani?”

Nikamjibu kwamba alisema kwa lugha ya kwao.

“Na huyo Mzungu wake aliijua?”

“Hakuijua sawasawa, shangazi. Mwenzake ndiye aliyemtafsiria.”

“Na mwenye kuisimulia hadithi yote ni yupi?”

Nikamwambia kwamba ni huyo huyo aliyetafsiri. Akatikisa ungo wake kidogo, akasema, “Basi hayo ni maneno ya huyo bwana. Ya binti hatujayasikia.”

Nimefundisha isimu miaka mingi, na shahada yangu ya udaktari niliipatia ng'ambo kwa kuchunguza jinsi maneno ya mtu yanavyoripotiwa na mtu mwingine. Hata hivyo kitabu hicho nilikuwa nimekisoma tangu utoto bila kuuliza swali alilouliza shangazi kwa dakika moja. Makala haya ni jaribio la kulijibu.

II

Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa sana habari za Mashimo ya Mfalme Sulemani. H. Rider Haggard aliitoa riwaya yake kwa Kiingereza mwaka 1885, na Frederick Johnson akaitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1929. Johnson huyo ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ambayo ndiyo chimbuko la uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo kitabu hiki si mgeni kwetu. Kimepita katika mikono ile ile iliyosanifisha lugha tunayoiandika, na watoto wengi wa Tanganyika walijifunza ladha ya hadithi ndefu kutokana nacho. Tukikihoji, twahoji jambo la nyumbani.

Foulata ni binti wa Wakukuana aliyechaguliwa kuuawa katika sherehe ya mfalme Twala kwa sababu alikuwa mzuri kuliko wenzake wote. Wazungu wanamwokoa. Yeye naye anamwuguza mmoja wao, Kapteni Good, hata akapona. Anampenda, anamfuata mpaka ndani ya mlima wenye hazina, na huko anachomwa kisu na kizee Gagool. Katika kufa kwake anamwomba Quatermain, msimulizi wa hadithi, awe ulimi wake kwa muda mfupi, kwa kuwa Good hamwelewi. Kisha anasema maneno yanayojulikana sana: kwamba anampenda bwana huyo, na kwamba afurahi kufa, kwani mweupe na mweusi hawawezi kuoana, kama vile jua lisivyoweza kuoana na giza.

Tutazame mpangilio wa jambo hili. Mwanamke hakunyimwa maneno. Amepewa hotuba, tena saa ya kufa, ambayo katika fasihi za mataifa mengi ndiyo saa ya kweli. Lakini hotuba hiyo yapita katika kinywa cha Quatermain mara mbili: kwanza anapomtafsiria Good pale pale, na pili anapotuandikia sisi. Halafu Quatermain mwenyewe hafichi fikira zake. Baadaye anatuambia kwamba kifo cha binti yule, ingawa cha huzuni, kilikuwa cha heri, maana angaliishi pangalitokea matatizo. Yaani mkalimani alitaka mwanamke afe, na maneno aliyoyatafsiri yanasema kwamba mwanamke mwenyewe alitaka kufa. Mahakama yoyote ingalimwuliza shahidi wa namna hiyo maswali zaidi.

Si hayo tu. Mwanzoni mwa kitabu chake cha Kiingereza Haggard anamfanya Quatermain ajisifu kwamba hakuna wanawake katika hadithi yake, isipokuwa Foulata. Na Gagool pia, kama huyo ni mwanamke wala si shetani. Basi wanawake wawili wa hadithi hiyo wamegawanyiwa kazi. Mmoja ni mzuri, naye asema maneno ambayo mkoloni apenda kuyasikia. Wa pili ni mbaya wa sura na wa moyo, lakini ndiye anayewaambia Wazungu waziwazi kwamba wamefuata mawe yanayong'aa. Mwanamke anayesema ukweli amefanywa shetani, ili ukweli wake usipate wa kuusadiki.

Mtu aweza kusema kwamba nadai mengi mno kwa kitabu cha safari, kilichotungwa kuwaburudisha vijana. Nakubali kwamba Haggard hakukusudia kuandika hati ya sheria. Lakini hadithi ya burudani ndiyo inayopita bila kukaguliwa. Mtoto wa darasa la sita hasomi ili apinge. Asoma ili ajue itakuwaje. Anapofika penye kifo cha Foulata machozi humtoka, na katika machozi hayo huimeza hoja nzima pasipo kuitafuna.

III

Mfano mashuhuri wa kusimulia upya riwaya ya kale kwa upande wa mwanamke wa makoloni ni Wide Sargasso Sea ya Jean Rhys, iliyotoka mwaka 1966. Rhys alizaliwa Dominica, katika visiwa vya Karibi, mwaka 1890. Alikuwa ameisoma Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847, na hakuridhika na habari za Bertha, mke wa kwanza wa Rochester, ambaye katika kitabu hicho amefungiwa ghorofani, ni mwendawazimu, na hasemi neno hata moja la kueleweka. Mengi tunayoyajua juu yake tunaambiwa na mumewe, siku ile anapojitetea kwa kutaka kuoa mke mwingine naye angali yu hai. Hapa tena mfasiri wa maisha ya mwanamke ni mtu mwenye faida.

Wengi husema kwamba Rhys alimpa Bertha sauti. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kitabu chake kina sehemu tatu. Ya kwanza yasimuliwa na mwanamke mwenyewe, ambaye jina lake la haki ni Antoinette. Ya pili, iliyo ndefu kupita zote, kwa sehemu kubwa yasimuliwa na mume. Ya tatu yaanza kwa maneno ya Grace Poole, mlinzi wake Uingereza, ndipo amrudie Antoinette. Kama shabaha ya Rhys ingalikuwa kumpa mwanamke maneno mengi tu, asingalimwachia mume nafasi kubwa hivyo. Alimwachia kwa makusudi, ili tumsikie akitafsiri: tumwone akipokea barua ya uchongezi na kuiamini, tumwone akimwondolea mkewe jina lake na kumwita Bertha, tumwone akiita wazimu kile ambacho sura chache nyuma tulikiona kuwa ni huzuni. Mkalimani amepandishwa kizimbani. Tena hakupewa jina. Katika kitabu kizima Rhys hamtaji mume kwa jina lake. Aliyemnyang'anya mwenzake jina amekosa lake.

Hilo ndilo fundisho ninaloliona katika kazi hiyo, nalo ni zito kuliko lile la kutoa sauti. Mtunzi mzuri hamfukuzi msimulizi wa zamani. Humleta mbele, akamwacha aseme, ila sasa palipo na shahidi mwingine.

Lakini kazi ya Rhys ina upungufu wake, na wahakiki wameuona. Gayatri Chakravorty Spivak aliuandika mwaka 1985. Antoinette ni binti wa watu waliomiliki watumwa Jamaika kabla ya sheria ya 1833 iliyowakomboa. Aliyemlea ni Christophine, mwanamke mweusi kutoka Martinique, ambaye mama yake Antoinette alipewa kuwa zawadi ya harusi. Christophine ndiye anayemkabili mume na kumwambia makosa yake uso kwa uso. Anamwambia pia kwamba yeye hajui kusoma wala kuandika, lakini yapo mengine ayajuayo. Kisha anageuka anakwenda zake, na hadithi yaendelea bila yeye. Hivyo kitabu kilichomfungulia mlango mwanamke mmoja kimemwacha mwingine nje.

Pwani yetu inao mfano wa kweli unaofanana na huo. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, aliondoka kwao mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Hakungoja mtu amsimulie. Alijisimulia mwenyewe, na kitabu chake ni hazina. Lakini katika kitabu hicho hicho anautetea utumwa wa Unguja, na wanawake waliohudumu katika nyumba ya baba yake hawakuachiwa nafasi ya kumjibu. Sauti iliyopatikana si lazima iwe sauti ya wote waliokosa.

IV

Sasa nataka kuligeukia jambo linalohusu kazi yangu, yaani lugha yenyewe. Je, Kiswahili kinampa mtunzi vyombo gani vya kazi hii? Naona vinne, navyo havimo katika Kiingereza cha Brontë wala cha Haggard.

Cha kwanza ni ngeli. Brontë anapomwonyesha Bertha mara ya kwanza hamtaji kwa kiwakilishi cha mwanamke, bali kwa kile ambacho Kiingereza hutumia kwa vitu na wanyama. Mfasiri wa Kiswahili akifika hapo atakwama, maana kwetu mtu na mnyama hushiriki upatanisho mmoja: mwanamke alitambaa, na fisi alitambaa. Upatanisho wa a- haubagui. Mfasiri akitaka kuihifadhi dharau ya Brontë itambidi aitafute kwingine, aseme jitu lile lilitambaa, au kijitu kile kilitambaa. Lakini hapo jambo limebadilika. Katika Kiswahili mtu hawi li- wala ki- kwa nguvu ya sarufi peke yake; huwa hivyo kwa hiari ya msemaji. Twaweza kusema kizee yule alicheka, na twaweza kusema kizee kile kilicheka. Tofauti ya sentensi hizo mbili haimo katika kizee, imo katika moyo wa anayesema. Hivyo dharau ambayo kwa Kiingereza ilionekana kama sifa ya Bertha, kwa Kiswahili yaonekana kama tabia ya msimulizi. Lugha yetu yamlazimisha mkalimani aonyeshe mkono wake.

Cha pili ni mnyambuliko wa vitenzi. Mara nyingi tumelalamika, na kwa haki, kwamba Kiswahili husema mume huoa na mke huolewa. Lakini kitenzi hicho hakiishii hapo. Kipo kuoza, na kipo kuozwa. Antoinette hakuolewa tu. Aliozwa na Richard Mason, mwana wa baba yake wa kambo, na mali ya pauni 30,000 ikamwendea mume bila sharti lolote la kumlinda mke. Kiingereza chahitaji kifungu kizima kueleza kwamba mtu wa tatu alisimama katikati. Kiswahili chamtaja mtu huyo kwa silabi moja. Mtunzi mwangalifu aweza kuhukumu ndoa nzima kwa kuchagua kati ya aliolewa na aliozwa.

Cha tatu ni namna ya kutaja jina. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mwanamke hubadilishiwa jina akizaa, akaitwa Mama Fulani, na hulivaa jina hilo kwa heshima. Kwa hiyo hatuwezi kusema, kama wasemavyo baadhi ya wahakiki wa Ulaya, kwamba kubadili jina la mwanamke ni kumuua. Swali letu ni jingine: nani alilitoa jina hilo, na mwenyewe huitika akiitwa kwalo? Mama Fulani huitika. Antoinette anamwambia mumewe kwamba Bertha si jina lake.

Cha nne ni neno dogo sana, nalo ni eti. Msemaji wa Kiswahili akiripoti maneno ya mwingine aweza kutumia kwamba, ambalo hupeleka ujumbe bila kuupima. Au aweza kutumia eti, ambalo hupeleka ujumbe na wakati huo huo huonya kwamba mwenye kuupeleka haudhamini. Andika kwamba binti alisema kuwa afurahi kufa: umemfuata Quatermain. Andika kwamba binti, eti, alifurahi kufa: umekwisha kuanza kuisimulia riwaya upya. Nionavyo mimi, simulizi mpya iliyo fupi kuliko zote yaweza kuwa ya silabi mbili. Na hilo ndilo alilolifanya shangazi yangu pale Ubaruku, ingawa neno lenyewe hakulitamka.

V

Katika fasihi ya Afrika Mashariki kazi iliyolikaribia sana jambo hili ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994, na iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Tafsiri hiyo ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya mtunzi kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Wengi wameisoma kama jibu kwa riwaya za Wazungu wanaosafiri kwenda moyoni mwa Afrika: safari ni ile ile ya kuingia bara, lakini anayetazama ni Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Hayo yamesemwa sana. Mimi nataka kutazama nyumba iliyobaki nyuma, ndani ya ukuta.

Katika nyumba hiyo yumo Zulekha, mke mkubwa wa tajiri Aziz, mwenye alama usoni, anayejificha na kusemwa kwamba akili zake si timamu. Msomaji wa Brontë atamtambua mara moja. Anamwita Yusuf amwombee apone, lakini anasema naye kwa Kiarabu, na Yusuf hakijui. Khalil yupo kati yao akitafsiri, naye Khalil ana hofu zake na siri zake. Baadaye anayetafsiri ni Amina, mke mdogo. Kwa hiyo Gurnah ameliweka tatizo la mkalimani katikati ya chumba, wote walione. Kila neno la Zulekha lafika likiwa limepimwa na mtu anayeogopa matokeo yake.

Yafaa kutambua faida iliyopatikana katika tafsiri. Katika Kiingereza cha Gurnah, Kiswahili cha Yusuf na Kiarabu cha Zulekha vyote viwili vimevaa nguo moja ya Kiingereza, na msomaji huambiwa tu kwamba lugha ni mbili. Katika Peponi Yusuf amerudi katika lugha yake, nayo ni lugha ya msomaji. Basi mpaka uliopo kati yake na Zulekha wasikika kuwa mpaka wa kweli.

Kisha inakuja saa ambapo Amina asema na Yusuf pasipo mtu katikati. Anamweleza jinsi alivyotekwa utotoni, jinsi alivyolelewa na baba yake Khalil, jinsi alivyotolewa kwa Aziz, na jinsi alivyoozwa. Maneno yake ni machache kuliko hotuba ya Foulata, tena hayana pambo. Lakini ni yake, na hayampendezi yeyote mwenye mamlaka katika kitabu. Kwangu mimi hapo ndipo riwaya inapofika kimo chake.

Pamoja na sifa hizo sina budi kusema pale ninapoona pungufu. Mwisho wa hadithi ni wa Yusuf. Yeye ndiye anayekimbia kuwafuata askari wa Wajerumani. Amina anabaki ndani ya ukuta ule ule, na hatuambiwi atakavyoishi. Yawezekana Gurnah alitaka tuuone ukatili wa jambo hilo, na kwamba mwisho wa furaha ungalikuwa uongo. Nakubali. Lakini Zulekha anapomsingizia Yusuf, na kanzu iliyopasuka kwa nyuma inapomtetea kama katika kisa cha nabii mwenye jina lake, twabaki na mwanamke mwovu wa zamani, ambaye bado hatujamsikia kwa ulimi wake mwenyewe. Gurnah ametuonyesha mkalimani, hakumwondoa. Kazi hiyo amewaachia wengine.

VI

Kutoka Ubaruku si mbali sana kwenda mahali ambapo swali hili si la kubuni. Wasangu wa mtemi Merere, walipobanwa na Wahehe, walihamia nchi ya Wasafwa wakajenga Utengule, na mwishoni mwa karne ya 19, Wajerumani walipowashinda Wahehe, wakarudi Usangu. Wamisionari wa Kimoravian walikuwa wamekwisha kufungua kituo Utengule. Mmoja wao, Elise Kootz-Kretschmer, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya Wasafwa katika miaka ya 1920, aliandika pia habari za maisha za wanawake waliopata kuwa mateka katika zama za biashara ya watumwa. Mmoja ni bibi Narwimba. Mwingine ajulikana kwa majina matatu yaliyounganishwa: Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga. Habari zao zilichapishwa kwa Kijerumani, na mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright akazitoa tena kwa Kiingereza, pamoja na uchambuzi wake.

Miaka ile ile, katika nyanda zile zile, mwanamke mwingine alikuwa akiishi Iringa: Magdalene von Prince, mke wa ofisa wa Kijerumani. Yeye alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1903, kwa lugha yake, kwa jina lake. Hakuhitaji ulimi wa mtu. Narwimba alihitaji ulimi wa mmisionari, kisha wa mhariri, kisha wa mfasiri. Tofauti ya wanawake hao wawili haikuwa katika kujua kusimulia.

Simfananishi Kootz-Kretschmer na Quatermain. Quatermain ni kiumbe wa kubuniwa, na Foulata wake pia. Mmisionari aliwasikiliza watu walio hai, na asingalifanya hivyo tusingalijua hata majina yao. Lakini swali la shangazi halibagui wema na uovu. Lauliza tu: alisema kwa lugha gani, nani alitafsiri, na mwenye kusimulia ni yupi?

Nami naliuliza swali hilo juu yangu. Narwimba ni jirani wa babu zangu, lakini nilimkuta mara ya kwanza katika maktaba ya ng'ambo, kwa Kiingereza. Siku ya pili ya ziara yangu Ubaruku nilimsimulia shangazi habari zake kwa Kiswahili, nikichanganya na Kisangu changu kibovu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama bibi huyo aliwahi kusema jambo fulani juu ya watoto wake, jambo ambalo halimo katika kitabu. Nikasema sijui. Yeye akasema kwamba mwanamke asingaliliacha. Labda alikosea, labda Narwimba aliliacha kwa sababu zake. Lakini wala mimi wala vitabu vyangu hatukuwa tumeona kwamba hapo pana nafasi tupu.

VII

Haya yote yanatupeleka wapi? Nina mapendekezo matatu, na nayaweka mbele ya wasomaji wa jarida hili kwa kuwa wao ndio wenye uwezo wa kuyatenda.

Kwanza, wachunguzi wetu wakikusanya habari za maisha za wanawake wa nyanda hizi, kwa Kisangu, Kisafwa, Kihehe au lugha nyingine, wazichape katika lugha zilizosemwa, Kiswahili kikiwa ubavuni. Tafsiri peke yake ni Quatermain peke yake. Jina la mkalimani nalo liandikwe ukurasa wa kwanza, si kwa heshima tu, bali apate kuhojiwa.

Pili, walimu wanaosomesha Mashimo ya Mfalme Sulemani wasikitupe kitabu hicho. Mwanafunzi aliyeulizwa nani alitafsiri maneno ya Foulata, na alipata nini kwa kuyatafsiri hivyo, amejifunza kusoma kuliko yule aliyekatazwa kitabu.

Tatu, mtunzi wa Kiswahili atakayemchukua Foulata, au Zulekha, au yeyote miongoni mwao, asianze kwa kumtungia hotuba. Hotuba anayo tayari, na ndiyo iliyomdhulumu. Aanze kwa kumtafutia msikilizaji anayeijua lugha yake. Foulata alikuwa na mama, au dada, au rafiki waliokuwa wakiteka maji pamoja. Tungependa kujua alivyowaambia wao, siku za kumwuguza yule mgeni, katika lugha isiyohitaji ulimi wa mtu. Pengine alisema anampenda. Pengine alisema mambo mengine kabisa.